Shajara ya mradi: baiskeli nane za mizigo, karakana ya Majengo, Moshi

Wiki ya 1: kupokea na kukagua

Baiskeli nane zimeingia, zote za lile umbo la zamani: fremu ya chuma yenye bomba la juu, breki za vyuma, ringi za inchi 28, gia moja. Tano ni za Kichina, tatu za Kihindi. Sita zinashusha mikungu ya ndizi kutoka Uru na Kibosho hadi soko la Mbuyuni. Mbili zinafanya kazi tambarare ya Mabogini, kubeba majani ya ng'ombe na madumu ya maji. Tofauti hii tumeiandika ubaoni kabla ya kugusa spana, maana baiskeli ya mlimani na ya tambarare haziugui ugonjwa mmoja. Ya mlimani inakufa ekseli, njiti (spoku za gurudumu) na breki. Ya tambarare inakufa cheni na gololi, kwa vumbi.

Mkungu mmoja kwenye mizani yetu ni kilo 20 hadi 30, na baiskeli inapakiwa minne. Hiyo ni kilo 80 hadi 120, karibu zote zimelalia gurudumu la nyuma.

Lengo: kila baiskeli ikae miezi sita bila kurudi kwa kosa lile lile. Irudi kwa jingine, sawa.

Utaratibu tuliokubaliana ni mmoja. Spea iliyovunjika haitupwi na mpya haifungwi mpaka iandikwe kilichoiua. Kila baiskeli ina kopo lake la rangi tupu, na vipande vyake vinakaa humo. Ukaguzi wa kwanza umetoa haya: krenki (mikono ya pedeli) zinazocheza kwenye baiskeli tano, ekseli za nyuma zilizopinda kwenye tatu na iliyokatika kwenye moja, njiti zilizokatika 23 kwa jumla, cheni zilizokwisha sita, keria zilizopasuka nne. Pancha hatukuzihesabu.

Wiki ya 2: krenki na kotapini

Dalili ni ile inayojulikana: ukikanyaga pedeli unasikia "tok" kila nusu mzunguko. Kabla ya kulaumu kotapini, ile pini inayofunga krenki kwenye shafti, shika krenki zote mbili, moja kila mkono, usukume kinyume. Krenki moja ikicheza huku nyingine imetulia, kosa ni kotapini. Zikicheza zote pamoja na shafti kuelekea pembeni, kosa ni vikombe na gololi. Kati ya tano, tatu zilikuwa kotapini, moja gololi, na moja vyote viwili.

Kotapini za milimita 9 na za milimita 9.5 zinauzwa kwenye kisanduku kimoja, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ya 9 kwenye tundu la 9.5 inaingia kirahisi, nati inakaza, mteja anaondoka ameridhika, kesho kutwa yuko mlangoni. Kwa hiyo kalipa, kifaa cha kupimia unene, inakwenda sokoni pamoja na mnunuzi. Ugumu wa chuma tunaupima kwa tupa: ikiuma kotapini kama inavyouma msumari, irudishe, ikiteleza kidogo kabla ya kuuma, chukua. Wauzaji wanaguna, lakini mkwaruzo mmoja kwenye ncha hauharibu kitu.

Kinachoua kotapini nyingi si ubora wake. Ni kuvutwa kwa nati. Kazi ya nati ni kushikilia tu. Kinachoibana kotapini ni nyundo, halafu nati inafuata. Tunavyofanya sasa:

Bapa la kotapini linatazama bapa la shafti. Kotapini mbili zinaingia kwa mielekeo inayopingana, krenki zikiwa zimenyooka kwenye mstari mmoja. Chini ya krenki tunaweka kipande cha bomba la maji la inchi moja kilichosimama sakafuni, kotapini ikitokeza ndani ya uwazi wake. Bila bomba hilo, pigo lote linapita kwenye gololi na kutoboa vidimbwi kwenye vikombe. Unatengeneza kimoja, unaua kingine. Mapigo matatu au manne ya nyundo ya gramu 500, kaza nati, piga tena mara mbili, kaza tena. Thredi zinazotokeza upande wa pili ziwe milimita 8 hadi 10. Zikitokeza chache, bapa ni nene, lipitishe kwenye tupa kidogo kidogo bila kubadili mlalo wake. Kotapini ikizama mpaka nati imeishiwa thredi, hiyo ni nyembamba au imepigwa tupa kupita kiasi. Usiiongezee washa, badilisha.

Baada ya kilomita 30 au 40 za mzigo, baiskeli irudi ipigwe na kukazwa mara moja zaidi. Hatua hii ndiyo inayorukwa na kila mtu.

Gololi za krenki: robo inchi, 11 kila upande, jumla 22. Hatuchanganyi mpya na za zamani hata kama za zamani zinang'aa, kwa kuwa zilizolika ni ndogo kidogo, na zile mpya chache ndizo zitakazobeba mzigo wote. Kumbusho kwa wanaojifunza: kikombe cha upande wa cheni kina thredi za kushoto, na pedeli ya kushoto pia. Wiki hii mtu alining'inia kwenye spana dakika kumi akikaza kile alichodhani anakifungua.

Wiki ya 3: ekseli za nyuma

Ekseli nne mbovu, na zote zimeharibikia mahali pamoja: upande wa kulia, pale koni, nati inayobana gololi, inapokaa. Kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ya friwili (gia ya nyuma) ya kufunga kwa thredi, gololi za kulia zimekaa ndani, nyuma ya friwili. Kutoka hapo hadi kwenye fremu ekseli inaning'inia bila msaada. Upande wa kushoto mning'inio huo ni mfupi. Mzigo ukipiga shimo, anayepinda ni wa kulia.

Tulidhani dawa ni ekseli ngumu tu. Kisha tukakagua fremu. Tulichukua ekseli mbili za zamani, tukafunga moja kwenye kila mdomo wa nyuma wa fremu kwa nati mbili, ncha zake zikitazamana katikati. Fremu ikiwa sawa, ncha hukutana uso kwa uso. Kwenye baiskeli tatu kati ya zile nne ncha zilipishana kwa milimita 4 hadi 7. Maana yake ni kwamba fundi akikaza nati ekseli inapindwa hata kabla ya mkungu kupakiwa, na kila shimo barabarani mzigo unaikunja zaidi na kuiachia. Ekseli yoyote ingekatika hapo, ya bei yoyote. Midomo tumeinyoosha kwa spana kubwa ya kurekebisha, polepole, hadi ncha zikapishana chini ya milimita 1.

Halafu ununuzi. Ekseli za nyuma zinazopatikana hapa ni za aina mbili: za inchi 3/8 zenye thredi 26 kwa inchi, na za milimita 10 zenye milimita 1 kati ya thredi na thredi. Kalipa inasoma kama 9.4 kwa ya kwanza na 9.8 au zaidi kwa ya pili. Nati ya milimita 10 inaingia kwenye ekseli ya 3/8 ikiwa huru. Inakaza robo mzunguko, halafu thredi zinakatika zote kwa pamoja. Nati ya 3/8 haiingii kabisa kwenye ya milimita 10, na hapo ndipo tupa na hasira huanza. Tumeamua baiskeli zote nane zibaki na 3/8 kwa sababu koni zake ndizo zimejaa maduka ya Mbuyuni. Ekseli, koni mbili na nati zake zinunuliwe seti moja, duka moja, na zijaribiwe kwa vidole hapo hapo kaunta.

Kuhusu ekseli za kukereza: kuna mafundi mashine wanaokereza ekseli kutoka kwenye shafti za gari chakavu. Chuma chenyewe ni kizuri. Tatizo ni thredi. Thredi ya kiwandani kwa kawaida imeviringishwa kwa kugandamizwa. Ya kukerezwa imechongwa, na kila bonde lake ni mwanzo wa ufa. Tumefunga moja kwenye baiskeli namba 6 kwa majaribio. Nyingine zote ni ekseli za dukani, ndefu kwa milimita 20 kuliko za awali, kwa sababu itakayoonekana kwenye wiki ya 7.

Koni tunazikagua kwa ncha ya kalamu ya wino: ipitishe kwenye njia ya gololi, ikikwama mahali, koni imekwisha hata kama jicho halioni kitu. Gololi za nyuma ni robo inchi, 9 kila upande. Za mbele ni inchi 3/16, 10 kila upande.

Wiki ya 4: njiti, pamoja na kosa letu

Gurudumu la nyuma lina njiti 40, la mbele 32. Zilizokatika, 19 kati ya 23, zimekatikia kwenye kiwiko, pale zinapoingia kwenye habu. Njiti haikatiki kwa sababu imevutwa sana. Inakatika kwa sababu imelegea. Gurudumu la 28 linatembea mita 2.2 na kidogo kwa mzunguko, kwa hiyo kilomita 10 ni mizunguko kama 4,450. Kila mzunguko, njiti inayofika chini inapoteza mvuto na kuupata tena. Ikiwa ilishalegea, kiwiko kinakunjwa na kukunjuliwa mara 4,450 kwa safari moja ya sokoni.

Tulianza vibaya. Waya wa njiti za kawaida ni geji 14, milimita 2.0. Tukasema tukomeshe maneno: geji 12, milimita 2.6, kwenye magurudumu mawili. Ilibidi kutoboa upya matundu ya habu na ya ringi. Baada ya siku kumi magurudumu yote mawili yamerudi yakiyumba, hakuna njiti iliyokatika, lakini nipo (nati ndogo za njiti kwenye ringi) zimejifungua zenyewe, na kwenye ringi moja chuma kimefura kuzunguka matundu manne.

Sababu ni hii. Njiti ya milimita 2.6 ina eneo la chuma mara 1.69 ya ile ya 2.0. Kwa mvuto ule ule inarefuka kidogo zaidi ya nusu tu ya ile nyembamba. Ringi ikibonyea kidogo kwenye shimo, ule urefu mdogo uliokuwa umevutika unaisha wote, njiti inabaki bila mvuto kwa sekunde, na nipo inazunguka. Ukijaribu kufidia kwa kukaza zaidi, ringi ndiyo inalipa.

Tumerudi kwenye geji 13, milimita 2.3, kwa gurudumu la nyuma, na geji 14 mbele. Geji 13 iliingia kwenye matundu ya habu zetu bila kutoboa. Habu mbili zilizotobolewa tumezitoa kazini. Njiti zote za upande mmoja zinabadilishwa pamoja. Ukichomeka mpya tatu kati ya zilizochoka, zinazofuata kukatika ni jirani zake.

Ufungaji: kila njiti inapishana na nyingine nne, nipo zinapakwa tone la mafuta kwenye thredi. Kaza kwa zamu, nusu mzunguko kila moja, gurudumu zima, mpaka zikigongwa kwa spana zitoe sauti inayokaribiana upande wote. Kisha zishike mbili mbili zilizo sambamba, uzibane kwa nguvu ya viganja, gurudumu zima. Zitalia kidogo zikikaa kwenye viti vyake. Kaza tena. Gurudumu lisilobanwa hivi hulegea siku ya kwanza barabarani, na watu husema njiti ni feki.

Wiki ya 5: cheni, friwili na hesabu ya meno

Cheni ya baiskeli hizi ni nusu inchi kwa 1/8. Zile nyembamba za baiskeli za gia nyingi, 3/32, hazikai kwenye meno mapana. Kipimo chetu ni rula ya chuma: pingili 24 za cheni mpya zinachukua inchi 12 kamili, milimita 304.8. Ikifika 308 imerefuka asilimia 1, iondoke. Zile sita tulizotoa zilipita hapo zote, na mbili za Mabogini zilifika 311.

Cheni ya 311 imeshachonga meno ya friwili yafanane nayo. Ukiweka cheni mpya juu ya friwili hiyo, itaruka mzigo ukizidi. Kwa hiyo friwili sita zimekwenda na cheni sita.

Hapa tulipata faida tusiyoitegemea. Friwili zilizotoka zina meno 18, na mbele ni 44. Kwa zile za mlimani tumefunga za meno 22. Kwenye kilima kile kile na mzigo ule ule, mvuto wa cheni unapungua asilimia 18, na nguvu inayopita kwenye krenki na kotapini inapungua kiasi hicho hicho. Kwa bei ya friwili moja unapunguzia mzigo spea nne nyingine. Anayeendesha anapoteza kasi kwenye tambarare, na wawili wamelalamika. Baiskeli za Mabogini tumeziacha na 18.

Meno manne zaidi yanataka pingili mbili zaidi za cheni. Cheni iwe na mchezo wa kama nusu inchi katikati, juu na chini. Klipu ya kiungo: upande uliofungwa utangulie kule cheni inakoelekea. Thredi za friwili zipakwe grisi kabla ya kufungwa, la sivyo siku ya kuitoa itabidi patasi, kwa kuwa kila kanyago huikaza zaidi.

Oili chafu ya pikipiki tumeipiga marufuku. Ina unga wa chuma ndani yake, na vumbi la Mabogini likiishika unapata dawa ya kusagia. Tone moja la oili safi nyepesi kwa kila pingili, subiri, futa nje mpaka kitambaa kitoke karibu kikavu. Kwa tambarare, kila wiki.

Wiki ya 6: tairi na breki

Tairi kwa ufupi. Maandishi ya "28" hayatoshi. 28 x 1½ ni ya ringi ya milimita 635, na kuna 28 nyingine ya milimita 622. Vivyo hivyo 26 x 1⅜ ya baiskeli za mtumba za Kijapani ni 590, na haikai kwenye ringi ya 559 ya zile za gia. Soma namba ndogo pembeni, mfano 40-635. Upepo ni ule ulioandikwa ubavuni, na kwa mizigo hii tunakaribia kiwango cha juu. Kwa miiba, ukanda wa tairi la zamani ndani ya tairi unasaidia, ila kingo zichongwe ziwe nyembamba, na uongeze poda; ukanda wenye kingo kali unakata tyubu kabla ya mwiba kufika.

Breki za vyuma zinabana ringi kutoka ndani, kuelekea tairi. Ndiyo maana ringi inayoruka juu na chini ni mbaya kwake kuliko inayoyumba kando: raba inagusa upande mmoja wa mzunguko tu, na anayeshuka Kibosho anahisi breki inashika na kuachia. Tumenyoosha mruko uwe chini ya milimita 1, raba zikae milimita 3 kutoka kwenye ringi. Raba za kukata kwenye tairi la gari tumezitoa zote. Ni ngumu, zinapiga kelele, na kwenye ringi ya kromu iliyolowa zinateleza kama sabuni. Raba za dukani nazo hazifanyi miujiza mvua ya masika ikinyesha: kromu ikilowa breki inapungua sana. Waendeshaji wameambiwa wabane kidogo mita nyingi kabla, ili raba zifute maji kwanza, na wapunguze mkungu mmoja.

Pini ndogo za viungo vya vyuma vya breki, zilizolika, tumebadilisha 14.

Wiki ya 7: keria na fremu

Keria zilizopasuka ni za nondo ya milimita 12, na wenyewe wameomba nondo nene zaidi. Nondo ya 12 ina uzito wa kilo 0.888 kwa mita, ya 10 ni kilo 0.617. Keria ya mita 4 inatofautiana kwa kilo 1.08, na nyufa zote zilikuwa kwenye mashavu ya kuchomelea, hakuna hata moja katikati ya nondo. Unene haukuwa tatizo. Miguu ya keria ilifungwa kwa bolti za milimita 6 kwenye vishikio vya fremu, bolti zikalegea, keria ikatingishika mpaka ikapasuka.

Keria mpya ni za nondo ya 10, zenye mkingamo wa pembe tatu kila ubavu, na miguu yake inashuka hadi kwenye ekseli yenyewe, nje ya mdomo wa fremu. Hapo ndipo zile milimita 20 za ziada zinapotumika: 10 kila upande, bapa la mguu la milimita 5, washa na nati. Mbele inafungwa kwa bolti ya milimita 8 yenye alama 8.8 kichwani, na nati ya kujifunga.

Fremu mbili zina ufa kwenye kiungo cha bomba la siti. Hizi hazichomelewi kwa umeme: bomba ni jembamba, kiungo kiliungwa kwa shaba tangu kiwandani, na umeme unachoma bomba pembeni ya kiungo, ambapo litakatika baadaye. Zimepelekwa kwa fundi wa gesi aunge kwa shaba.

Wiki ya 10: marejeo

Baiskeli saba zimerudi kwa ukaguzi, moja haijaletwa.

Kotapini: zote zimekazwa mara ya pili, sita hazichezi. Namba 3 imelegea tena. Kotapini ni nzima. Bapa la shafti ndilo limelika likawa mviringo. Tungeliona wiki ya 2 kama tungepitisha rula juu ya bapa. Shafti mpya imeagizwa, na kipimo hicho kimeongezwa kwenye orodha.

Njiti za geji 13: iliyokatika moja, namba 7, kwenye kiwiko. Gurudumu hilo halikubanwa kwa viganja, daftari linaonyesha hatua hiyo haina alama.

Ekseli ya kukerezwa ya namba 6: bado imenyooka, lakini tulipoifuta kwa mafuta ya taa na kuipaka chaki, mstari mwembamba wa mafuta ulijitokeza kwenye bonde la thredi, karibu na koni ya kulia. Ni ufa. Imetoka, imewekwa kwenye kopo la namba 6, na badala yake imeingia ya dukani ya 3/8.

Cheni za Mabogini: 305.4 na 305.6. Za mlimani hazijafika 305.2.

Yanayofuata: shafti ya namba 3, kuipata baiskeli namba 8, na kununua kotapini 20 za milimita 9.5 za akiba, kalipa mkononi.